Hoteli ya Shamba na Akili ya Wazee Wetu

Wasomaji wetu wa pwani wanaijua nyumba ya mawe ya Lamu: vyumba virefu, vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Wageni hudhani wazee walipenda hivyo tu. Sivyo. Dari huchukuliwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana wa kama mita 3 bila kupinda. Mti ndio uliochora ramani.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu jamaa yangu mmoja wa Kwale, mwenye ekari mbili za minazi, ameazimia kufungua huko shamba hoteli ya chakula cha fahari, meza nane tu, watu wafunge safari kutoka Mombasa. Amekopa pesa. Ramani aliyochorewa ina ukumbi mmoja mkubwa, bati juu, na vioo kutoka sakafuni hadi darini. Jua la Januari likiingia humo, bwana wee, atapika wageni badala ya samaki. Na akitaka kupoza hewa kwa stima, bili itamla yeye.

Sisemi ajenge jumba la Lamu. Boriti zenyewe zina taabu: mwaka wa 2018 Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na wakata mikoko wa Lamu wakakaa bila kazi. Lakini akili ya wazee haina kibali. Ukuta mnene wa mawe na chokaa hukawia kupata moto. Meza nane hazidai ukumbi; vyumba viwili vyembamba vyatosha, na mtu akija na mkewe na mama yake hawakodolewi macho na meza ya jirani. Mlangoni liwepo daka lenye baraza, kisha njia ipinde kidogo kabla ya kufika kiwanda cha ndani, apitaye nje asihesabu sahani za watu.

Pale Diani, hoteli ya Ali Barbour's ilifunguliwa mwaka wa 1983 ndani ya pango la matumbawe. Watu hula chini ya ardhi, na palipo wazi juu huziona nyota. Kilichonipendeza ni kuwa mjenzi hakuongeza mengi.

Jambo la vyoo ndilo lililonikera zaidi. Sisi wa Mombasa na Kwale twaelekea kaskazini hasa tunaposali, nayo ramani ile imevielekeza vyoo vyote viwili huko huko. Leo ni kazi ya penseli. Saruji ikishaganda ni kazi ya nyundo.

Sasa jiko. Lamu huwekwa juu kabisa ya nyumba, moshi uende zake. Shamba lina nafasi, basi litengwe, mbali na makuti yasije yakashika moto. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Jiko likikaa magharibi, moshi hauwafikii walaji misimu yote miwili. Ramani imeliweka mashariki. Jamaa yangu ameahidi kumrudia mchoraji kabla msingi haujachimbwa.