Binti Yetu Askari na Rafiki Aliyerudi Naye



Jumamosi iliyopita, kwenye mkutano wetu, tulipata wageni wawili. Wa kwanza ni binti wa mwenzetu wa Katuba, hapa Lubumbashi. Amerudi likizo baada ya miezi sita ya mafunzo ya kijeshi huko Kamina. Wengi wetu tunamjua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Siku hiyo alisimama wima mlangoni, nywele fupi kama za mvulana, akatusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Nyuma yake alikuwa msichana mwingine, rafiki yake, mwenyeji wa Kananga.

Majina hatuyaandiki, kwa sababu askari hasemi gazetini bila ruhusa ya wakubwa wake. Lakini walitukubalia tuwasimulie ninyi yaliyowapata, maana yanatuhusu sisi wazazi.

Mama wa Katuba hakutaka binti yake aende. Mtoto alikuwa na diploma ya serikali, lakini kazi hakuna. Kila asubuhi aliuza mikate pamoja na mama yake. Tangu Rais Tshisekedi alipowaita vijana waingie jeshini, mwezi wa Novemba 2022, kwa ajili ya vita vya mashariki, wazo hilo halikumtoka. Siku ya safari mama alijifungia chumbani. Hakumsindikiza stesheni, wala hakumpa baraka. "Nilifikiri nikikataa atabaki," alituambia. "Akaenda na hasira yangu."

Huko Kamina, kitu cha kwanza ni nywele. Misuko yote ilianguka chini siku moja. Waliamshwa kabla ya jua, wakakimbia wakiimba, wakala bukari na maharagi, wakajifunza kupiga hatua, kubeba mzigo safari ndefu, kufungua bunduki na kuifunga tena. Ilikuwa kipwa, na ninyi mnajua baridi ya usiku wa Juni na Julai.

Lakini kilichomshinda zaidi kilikuwa lugha. Katika jeshi letu amri nyingi hutolewa kwa Kilingala, na yeye Kilingala alikijua cha nyimbo tu. Wenzake wakigeuka kulia, yeye anageuka kushoto, na mstari mzima unaadhibiwa kwa ajili yake. Wasichana wakaanza kumchukia.

Siku moja waligombana kwa ajili ya ndoo ya maji, yeye na huyu wa Kananga. Katika hasira alimtupia neno ambalo sisi wa Katanga tunalijua, lile tunalowaita watu wa Kasai, na ambalo hatutaliandika hapa. Mwalimu wao hakuuliza nani alianza. Aliwapa wote wawili kazi moja: kuchota maji ya bweni zima kwa juma moja, mti mmoja mabegani, ndoo katikati.

"Ukiharakisha peke yako, maji yanamwagika," binti yetu alieleza. Siku mbili hawakusemezana. Siku ya tatu alijikwaa, akasema kwa Kiswahili, "Mama yangu!" Mwenzake akamjibu kwa Kiswahili kilekile cha kwetu, "Pole, polepole." Akashangaa. Mtu wa Kananga, Kiswahili hiki amekitoa wapi?

Akamwambia: mama yake alizaliwa Likasi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne mwaka 1992, jamaa yao walipofukuzwa pamoja na maelfu ya watu wa asili ya Kasai. Walipanda treni, wakapita Kamina hiyohiyo, wakaenda nchi ambayo yeye hakuwahi kuiona. Mpaka leo, akikasirika nyumbani, anakasirika kwa Kiswahili.

Tangu hapo, njiani kwenda majini, wa Kananga alimfundisha amri za Kilingala, moja moja, mpaka mguu wake ukajua kugeuka. Naye binti yetu alipopatwa na malaria na kutaka kutoroka arudi nyumbani, ni huyu aliyemfulia nguo na kumlisha uji. Akamwuliza, "Umemwambia mama yako unaumwa?" Akajibu, "Mama yangu alinifungia mlango." Mwenzake akasema, "Basi wewe bisha."

Jumapili alipopata nafasi ya simu, alipiga. Mama wa Katuba alisikia sauti, akakaa chini jikoni, akampa kwenye simu ile baraka aliyomnyima siku ya stesheni.

Lakini mtihani wa mama ulikuja baadaye. Binti alisema, "Nitakuja likizo na rafiki yangu. Anataka kuona nyumba ambamo mama yake alizaliwa." Mama alinyamaza. Yeye naye alikulia Likasi. Mbele yetu alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema: "Niliwaona watu wamelala stesheni majuma na majuma, wakingoja treni. Jirani zetu walikuwamo. Sisi tulibaki na sufuria zao. Tulizipikia miaka mingi."

Hakuna aliyesema neno. Wengine kati yetu tuliangalia chini, maana hayo hayakuwa ya nyumba yake peke yake.

Alimpikia mgeni sombe na samaki, akamlaza kitanda kimoja na binti yake. Kisha akaomba namba ya Kananga. Wamama wale wawili walisema saa nzima. Alimwambia habari za sufuria. Wa Kananga alikaa kimya, halafu akamwuliza kama miembe ya Likasi ingali inazaa.

Wasichana walienda Likasi. Nyumba ina watu wengine sasa. Waliwapa viti na maji, wakawaruhusu kupiga picha mlangoni, na picha ikafika Kananga jioni hiyohiyo.

Mama, tukumbuke haya kama binti wa nyumbani anafikiri jeshi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haandikishwi: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza. Usimpe mtu pesa akuahidie nafasi. Mwambie binti wazi kwamba mkubwa anayetaka mwili wake kwa kumtishia au kumwahidi cheo anavunja sheria ya mwaka 2006 juu ya ubakaji na unyanyasaji, na kwamba akikuambia wewe, utamwamini. Mkatalie kama una sababu, bishaneni, lakini usimwache aondoke bila neno lako. Na umwulize nani analala kitanda cha pili, kwa sababu huyo ndiye atakayemshika siku usipokuwapo.

Wamerudi kambini Jumatatu. Safari hii mama alifika stesheni, akawabariki wote wawili. Watatumwa wapi hatujui, na mashariki vita havijaisha. Kila Jumapili Mama wa Katuba anapiga simu mbili: moja kambini, moja Kananga. Simu ya kambini mara nyingi haipokewi. Ndipo wamama wawili wanangoja pamoja.