Kamera ya mfukoni: nunua kile ambacho simu yako haiwezi

Mtu mwenye simu nzuri ana haja gani ya kamera? Kwa wanunuzi wengi jibu ni kwamba hana. Mwaka 2010 kampuni za Japani ziliingiza sokoni, dunia nzima, kamera za kidijitali zipatazo milioni 121, nyingi zikiwa hizi ndogo za mfukoni. Mwaka 2020 hazikufika hata milioni 9. Simu ndizo zilizolila soko hilo, na zililila kwa haki. Kwa picha ya mtoto sebuleni au rafiki aliyesimama hatua mbili mbele yako, simu ya kisasa ya bei ya kati inaishinda kamera ya mfukoni ya bei nafuu.

Kwa hiyo anayehesabu kila shilingi asinunue kamera itakayorudia kazi ya simu. Atafute ile itakayofanya kile ambacho simu imeshindwa. Kwa mkazi wa Singida, au msafiri anayekatiza mkoa huu kati ya Dodoma na Mwanza, kitu hicho hasa ni kimoja: umbali.

Kipimo cha Singidani

Tuchukue mfano wa Ziwa Singidani, pale pale kwenye mji wa Singida. Maji yake ya chumvichumvi huvuta heroe, ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo, pamoja na mwari wanaotua juu ya mawe yaliyochomoza majini. Heroe mdogo ana kimo cha sentimita 80 hadi 90. Akiwa mita 50 kutoka uliposimama, kamera kuu ya simu nyingi itachukua eneo lenye kimo cha mita 50 hivi pale alipo. Ndege wako atapata sehemu moja tu kati ya hamsini na kitu ya kimo cha picha. Utaondoka na kinukta cha waridi. Ukivuta kwa vidole kwenye kioo, hujamsogeza ndege hata kidogo. Umekata kipande cha katikati na kukipanua, ndiyo maana anatoka amevurugika.

Kamera ya mfukoni yenye zumu ya lenzi ya mara 30 hufikia kiwango ambacho wapiga picha wanakiita milimita 720. Kwa umbali ule ule, lenzi hiyo inabana eneo lenye kimo cha mita 1.8 tu. Heroe yule yule sasa anajaza karibu nusu ya kimo cha picha, na mdomo wake uliopinda unaonekana. Zumu hiyo itakufaa pia kwa mitumbwi ya Ziwa Kitangiri kule Iramba, kwa wanyama wa Pori la Akiba la Rungwa, na kwa mwanao anayepokea cheti jukwaani wewe ukiwa safu ya nyuma. Lenzi za aina hii kwa kawaida huanzia milimita 24 au 25, upana unaotosha kuingiza rundo zima la yale mawe makubwa ya Singida, au ukoo mzima kwenye chumba kidogo.

Dukani kuwa macho, kwa sababu zumu zipo mbili. Ya lenzi hutokana na vioo vinavyosogea. Ya kidijitali ni kule kukata picha, kazi ambayo simu yako inaifanya bure. Kamera zisizo na jina zinazotangazwa mitandaoni kwa maandishi makubwa ya "48MP" na "16X" mara nyingi zina hiyo ya pili peke yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usibishane na muuzaji. Soma maandishi madogo yaliyozunguka lenzi. Canon PowerShot SX740 HS, kwa mfano, imeandikwa 4.3-172.0 mm. Gawanya kubwa kwa ndogo: 172 kwa 4.3 ni 40, na hiyo ndiyo zumu yake halisi. Ukikuta namba moja tu ya milimita, kamera hiyo haina zumu ya lenzi, hata boksi liseme nini.

Megapikseli zisikubabaishe

Namba ya megapikseli huandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote, na ndiyo yenye uzito mdogo. Picha ya inchi 4 kwa 6 unayosafisha studio, ikichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji megapikseli 2 na ushee. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji chini ya 9. Karibu kila kamera ya mfukoni iliyotengenezwa tangu mwaka 2010 inavuka hapo.

Kinachoamua ubora ni ukubwa wa kihisi, kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Kinafanya kazi kama beseni lililotegwa mvua: kadiri mdomo ulivyo mpana, ndivyo kinavyokusanya zaidi kwa muda ule ule. Kamera nyingi za mfukoni za bei nafuu, na karibu zote zenye zumu ndefu, hutumia kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6. Kile kinachoitwa cha inchi moja kina milimita 13.2 kwa 8.8, eneo la mara nne. Ukizidisha megapikseli kwenye kihisi kidogo, kila pikseli inabaki na mwanga kiduchu, na picha za usiku hujaa chengachenga. Panasonic walilionyesha hilo wenyewe: Lumix TZ60 ya mwaka 2014 ilikuwa na megapikseli 18, na TZ70 iliyoifuata mwaka 2015 wakaishusha hadi 12.

Hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kujiuliza anapiga picha wapi. Kama kazi yako ni send-off, harusi na mikesha ya usiku, zumu ndefu haitakuokoa, kwa kuwa ikivutwa hadi mwisho inapitisha mwanga kidogo sana. Flashi ndogo ya kamera nayo hufika mita chache tu. Ukiwa mita 10 kutoka kwa bibi harusi unawamulikia migongo wageni wa mbele. Mtu wa aina hiyo atafute kamera ya kihisi cha inchi moja, mfano Sony RX100 ya kwanza ya mwaka 2012, ambayo ilitoka kwa dola 650 za Marekani na leo hupatikana ikiwa mtumba. Lakini ajue zumu yake ni mara 3.6 tu. Kamera ndogo, ya bei nafuu, inayofika mbali na kuona usiku haijatengenezwa.

Jua na vumbi

Singida ni mkoa mkavu wenye upepo wa kudumu, na upepo huo hubeba vumbi. Lenzi ya zumu kila inapotoka na kurudi huvuta hewa ndani, na vumbi likituama juu ya kihisi huwezi kulipangusa, maana lenzi haichomoki. Fundi itambidi aifungue kamera nzima, na gharama yake inaweza kukaribia bei ya kamera. Beba kamera kwenye kifuko chenye zipu, na usiiwashe ukiwa umeielekeza upepo unakotoka. Ukitoka kando ya ziwa, ipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kwa sababu chumvi hula chuma. Anayeshinda shambani au machimboni anaweza kufikiria Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019, iliyozibwa vumbi lisiingie na ambayo zumu yake husogea ndani kwa ndani. Atapoteza umbali, kwani ni mara 4 tu.

Jua la saa saba mchana nalo lina adha yake: kioo cha nyuma hakionekani. Kamera yenye kidirisha cha kuchungulia kwa jicho huondoa tatizo hilo, na ukiibana usoni mkono hautikisiki. TZ70 inacho, SX740 haina. Na ukipiga picha ya mtu mweusi aliyesimama mbele ya anga jeupe, kamera hudanganywa na mwanga wa nyuma ikamfanya kivuli. Tafuta kitufe chenye alama ya + na −, uongeze hadi +1. Uso utarudi.

Ukinunua mtumba

Modeli nyingi nzuri haziko tena viwandani, kwa hiyo mtumba hauepukiki. Kabla ya kutoa fedha, piga picha ya ukuta mweupe au anga tupu, ikuze na uikague: madoa meusi yanayokaa mahali pale pale kwenye kila picha ni vumbi la ndani. Ingiza na kutoa zumu mara kadhaa ukisikiliza kama inakwaruza. Chomoa betri uitazame. Ikiwa imevimba, ikatae.

Kamera za Sony zilizouzwa ndani ya Japani huwa na menyu ya Kijapani pekee, kwa hiyo fungua sehemu ya lugha mwenyewe. Chaja isome pia: iandikwe 100-240V, maana umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230. Hakikisha inatumia kadi ya SD. Kamera za zamani zinazodai kadi ya xD zitakusumbua, kwa kuwa kadi hizo zimeshatoweka madukani. Kadi mpya nayo ijaribu kwa kuijaza hadi pomoni na kufungua picha za mwisho. Kadi feki hujitangaza ni GB 64 huku picha zikianza kupotea baada ya chache za mwanzo.

Kwa vijiji ambako umeme ni wa sola, tafuta inayochajiwa kwa waya wa USB, na ununue betri ya pili. Kamera hizi hupiga takribani picha 250 hadi 300 kwa chaji moja. Zinazotumia betri za AA zinapata betri kila duka, ila zile za bei ya chini za redio na tochi huishiwa nguvu baada ya picha chache.

Ushauri wangu kwa mwenye bajeti ndogo ni huu: chukua mtumba safi wenye zumu ya lenzi ya mara 30, kidirisha cha kuchungulia na kadi ya SD. Kama huna cha kupiga kilicho zaidi ya hatua 10 kutoka kwako, baki na simu yako, na fedha hiyo itumie kusafisha picha ulizokwisha kupiga.