Gurudumu Lisiloachana na Ardhi

Dereva wa jeshi au wa polisi aliyepata kupita njia za kando za kilima cha Makindye baada ya mvua anajua jinsi maji yanavyochimba mifereji katika udongo mwekundu. Hapo gurudumu la mbele la kulia na la nyuma la kushoto huweza kuning'inia hewani kwa pamoja. Difu zisipokuwa za kufungwa, nguvu ya injini hupotelea katika magurudumu hayo mawili. Gari husimama, na askari waliomo hugeuka shabaha.

Dawa ya kwanza ni ekseli ya mbele inayoweza kupinda kwa uhuru. Land Rover za zamani zilikuwa na springi za bapa mbele na nyuma. Bapa hizo hubeba mzigo na papo hapo hushikilia ekseli, na zikishika kutu husuguana na kukakamaa. Springi za koili zilitumiwa katika Range Rover ya mwaka 1970, kisha Land Rover 110 ya mwaka 1983. Pikapu za Land Cruiser za namba 70 zilizipata mbele mwaka 1999, nyuma zikabaki na bapa. Koili hubeba mzigo tu. Ekseli hushikwa na mikono ya chuma, na kwa hiyo huweza kushuka na kupanda zaidi.

Hata hivyo, koili peke yake haitoshi. Stabilaiza, yaani chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona, huzuia pia ekseli isipinde. Shokapu fupi hufikia mwisho wake kabla ya springi. Bushi za mikono zikichakaa au zikikazwa vibaya huleta ukaidi; bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Mwenye springi za bapa azisafishe, na pini za shakeli azipake grisi pale penye nafasi ya kupakia.

Ndugu askari, tahadhari. Atiaye shokapu ndefu bila kurefusha mipira ya breki ameandaa msiba, kwa maana ekseli ikishuka mpira hukatika. Springi nayo yaweza kuchomoka mahali pake. Aondoaye stabilaiza ili kuvuka mtaro hana budi kuirudisha kabla ya kuingia lami, kwani gari lenye askari walioketi juu nyuma hupinduka upesi kwenye kona ya barabara ya Masaka. Kuinua gari kupita kiasi huongeza hatari hiyo hiyo.

Kwa hiyo badiliko lolote la chombo cha serikali lifanywe karakana, kwa idhini ya mhandisi, na lipimwe kwanza kwa mwendo wa pole. Wajibu wa dereva ni kulala chini ya gari kila asubuhi na kutazama. Gari imara si lile lililo juu kuliko mengine, bali lile linalowarudisha wote kambini.