Kumsitiri mtoto siyo kumficha

Ndugu msikilizaji, Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo mtu asiye makini anaweza kudhani ni kitu kimoja: kusitiri na kuficha. Mtu humsitiri mwenzake kwa sababu anamheshimu. Lakini huficha kitu kwa sababu anakionea haya, au anaogopa watu. Leo nataka tuyatumie maneno haya mawili kupimia jambo linalosemwa sana vibarazani, saluni na ndani ya daladala za Mbagala na Tegeta, ila ni nadra kuzungumzwa kwa utulivu. Nina maana ya watu wenye majina makubwa wanaolea watoto wenye ulemavu, na haki ya nyumba zao kuachwa na faragha yao.

Ninaposema mtu mwenye jina kubwa, sisemi waziri peke yake. Mbunge, mwanamuziki, mchezaji wa mpira, mtangazaji, mchungaji au sheikh anayejulikana, hata diwani wa kata, wote wamo. Ni watu ambao sura zao tunazijua na majina yao tunayataja kila siku. Mtu huyo akipata mtoto ambaye hatembei kwa wakati, au hasemi, au anaanguka kifafa, mtaa mzima hujipa kazi ya upelelezi.

Na sisi wa Dar es Salaam tuna maradhi yetu katika jambo hili. Maskini wa Tandale akizaa mtoto mwenye ulemavu, watu watasema ni mapenzi ya Mungu, au watamsingizia mama mambo yao. Lakini tajiri au mkubwa akizaa mtoto wa namna hiyo, jibu huwa tayari: amemtoa kafara. Eti ghorofa lile, magari yale na ubunge ule vyote vimenunuliwa kwa akili ya mtoto. Nimekaa Temeke miaka mingi, na hadithi hiyo nimeisikia ikisimuliwa juu ya watu watatu tofauti kwa maneno yale yale, na kila msimulizi akiapa kwamba yeye ana uhakika.

Hebu jiweke katika nafasi ya mzazi huyo. Akimtoa mtoto nje, watu wataonyeshana vidole. Akimweka ndani, watasema, "Si mnaona, anamficha!" Kwa vyovyote vile hana la kufanya likamridhisha jirani. Ndiyo maana wapo wanaochagua njia iliyo rahisi kwao na mbaya kuliko zote kwa mtoto: mlango unafungwa, au mtoto anapelekwa kijijini kwa bibi, na jina lake halitajwi tena.

Kwanza basi tuuondoe huo uzushi. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo wa mtoto kuumia, au kutokua sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Uchungu uliokaa sana hadi mtoto akakosa hewa unaweza kuuleta. Manjano kali ya mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani ni sababu nyingine. Sindromu ya Down hutokana na kromosomu moja ya ziada, ile ya 21, na duniani humpata takriban mtoto 1 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Usonji nao hutokana na jinsi ubongo unavyokua tangu mwanzo. Mama hakuuleta kwa malezi mabaya. Mambo haya yako Masaki na yako Manzese, kwa sababu kromosomu hazijui kusoma daftari la benki la baba.

Sasa kufungiwa ndani kunamgharimu nini mtoto? Kunamgharimu muda. Mtoto mwenye kichwa kikubwa, yaani maji yanayojaa kichwani, akiwahishwa kwa upasuaji kama unaofanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ubongo wake unaweza kuokolewa. Akicheleweshwa, maji yale huendelea kuukandamiza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akianza mazoezi ya viungo mapema, viungo vyake havikakamai upesi. Wazee walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini tuwaelewe vizuri: walitukataza kumficha mgonjwa asimfikie mganga. Hawakutuamuru tumtangaze sokoni.

Ndugu msikilizaji, hebu tutoke kidogo nje ya nchi, maana ziko familia kubwa duniani ambazo habari zao zinajulikana na zinaweza kutufundisha.

Katika Marekani alikuwako tajiri mmoja, Joseph Kennedy, aliyekuwa balozi wa nchi yake Uingereza tangu 1938 hadi 1940. Binti yake Rosemary, aliyezaliwa 1918, alikuwa mzito wa kujifunza. Baba alikuwa na mipango mikubwa ya siasa kwa watoto wake wa kiume. Mwaka 1941, binti akiwa na miaka 23, baba alikubali afanyiwe upasuaji wa ubongo ambao baadhi ya madaktari wa siku zile waliusifu. Ulimharibu kabisa. Hakuweza tena kutembea wala kusema sawasawa, akapelekwa mbali, na kwa miaka mingi umma haukuambiwa ukweli. Huko ndiko kuficha. Kaka yake John akawa Rais mwaka 1961. Mwaka uliofuata dada yao, Eunice, aliandika waziwazi katika gazeti moja kwamba Rosemary ana ulemavu wa akili. Mwaka 1968 Eunice huyo huyo alianzisha mjini Chicago michezo ya Olimpiki Maalumu kwa watu wenye ulemavu wa akili, michezo ambayo baadaye ilienea hadi kufika hapa kwetu Tanzania. Rosemary aliishi hadi 2005. Fikiri ni miaka mingapi ilipotea kabla jina lake halijatajwa bila haya.

Sasa mtazame Jenerali Charles de Gaulle wa Ufaransa. Binti yake wa mwisho, Anne, alizaliwa tarehe 1 Januari 1928 akiwa na sindromu ya Down. Zama hizo familia za hadhi zilizoea kuwapeleka watoto kama hao katika nyumba za kutunzia na kuwasahau. De Gaulle na mkewe Yvonne walikaa naye nyumbani. Vita vilipowafanya wakimbilie Uingereza mwaka 1940, Anne naye alikwenda. Jenerali yule mrefu, aliyeogopwa na maofisa wake, alikuwa akimwimbia na kumchezea binti yake. Lakini hakumpeleka mbele ya wapiga picha ili asifiwe. Mwaka 1945 wazazi hao walianzisha taasisi yenye jina la Anne, kwa ajili ya wasichana wenye ulemavu wa akili ambao familia zao hazikuwa na uwezo, na baadaye fedha za vitabu vya kumbukumbu za vita alivyoandika baba zilisaidia kuiendesha. Anne alifariki mwaka 1948, na taasisi ikaendelea. Hapo mtoto alisitiriwa. Alikuwa na nyumba na wazazi, aliowahitaji walimjua, na bado hakugeuzwa kuwa tamasha.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi wa magazeti na redio. Mwaka 2006 Gordon Brown alikuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza. Gazeti la The Sun lilichapisha kwamba mwanawe mchanga, mwenye miezi minne tu, ana ugonjwa wa kurithi unaoshambulia mapafu. Ugonjwa huo ni tofauti na ulemavu tunaouzungumzia, lakini swali ni lile lile: habari ile ilikuwa ya nani? Mwaka 2011 Brown alieleza hadharani uchungu ambao yeye na mkewe waliupata. Gazeti lilijitetea kwamba liliipata habari kwa njia halali. Hata hivyo, idara ya afya ya eneo lile ilikuja kukiri kwamba yaelekea sana mtumishi wake mmoja aliisema bila idhini. Hakukuwa na wizi wa kalamu wala wa karatasi. Alikuwa mtu wa hospitali aliyefungua mdomo tu.

Na mpinzani wa Brown, David Cameron, alikuwa na mtoto aitwaye Ivan, mwenye mtindio wa ubongo na kifafa kikali. Cameron alichagua kumzungumzia, na picha zake zilionekana. Wapo waliomlaumu kwamba anatafuta kura kwa mgongo wa mtoto. Kwa hiyo mkubwa akinyamaza analaumiwa, na akisema analaumiwa pia. Ivan alipofariki Februari 2009, akiwa na miaka sita, Brown alikuwa Waziri Mkuu. Yeye mwenyewe alimpoteza binti mchanga mwaka 2002. Siku hiyo maswali ya kila wiki kwa Waziri Mkuu yaliahirishwa, na Brown akasimama bungeni kumpa pole mpinzani wake. Watu wawili waliokuwa wakirushiana maneno kila Jumatano walikutana kama wazazi.

Je, sheria zetu zinasemaje? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 22 inalinda faragha ya mtu mwenye ulemavu, zikiwamo habari za afya yake. Ibara ya 23, inayofuata hapo hapo, inazitaka serikali zizuie watoto wenye ulemavu kufichwa, kutelekezwa na kutengwa. Kusitiri kumewekwa ibara moja na kuficha kukakatazwa ibara inayofuata, na hazigombani. Hapa nyumbani, Katiba katika ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu na familia yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto na za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, ndugu msikilizaji. Usiulize kama mkubwa fulani amemwonyesha mwanawe gazetini. Uliza kama mtoto anatoka. Je, anakwenda kliniki? Anasoma? Anakwenda kanisani au msikitini na wenzake, anacheza na binamu zake sikukuu? Kama anafanya hayo, basi mtoto huyo hajafichwa, na jina la ugonjwa wake halituhusu. Kama hafanyi, kama yuko nyuma ya mlango uliofungwa, hapo faragha imekwisha kazi yake, hata kama baba ni nani. Lakini hata hapo pa kwenda kwanza ni kwa ofisa wa ustawi wa jamii, au serikali ya mtaa, au namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto. Ukimpiga picha kwa simu ukairusha, mlango utazidi kufungwa.

Wako wanaosema kwamba wakubwa wakiwaonyesha watoto wao, wananchi watapata moyo. Ni kweli kwamba kuonekana kunasaidia. Al-Shaymaa Kwegyir alipoteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, Salum Barwany alipochaguliwa na watu wa Lindi Mjini mwaka 2010, na Dakta Abdallah Possi alipokuwa naibu waziri mwaka 2015, Watanzania wenye ualbino walipata wa kumtazama wakati wa hofu kubwa. Lakini hao ni watu wazima waliosema habari zao kwa vinywa vyao. Mtoto wa miaka mitano hajaulizwa. Akikua akakuta picha zake akiwa amevuliwa nguo kwenye mazoezi ya viungo, atamlaumu nani?

Mzazi mwenye jina anaweza kutusaidia sana bila kutuonyesha mtu. Mbunge anayejua mwenyewe jinsi dawa ya kifafa inavyoadimika, au foleni ya mazoezi ya viungo ilivyo ndefu, na aulizie bungeni. Mwanamuziki na asimame na wazazi wa Uhuru Mchanganyiko, Sinza Maalumu au Mtoni Maalumu, aulizie walimu, vyoo na usafiri wa watoto. Mama wa Mbagala anayembeba mgongoni mtoto wa miaka tisa, akakataliwa na kondakta kwa sababu "anachukua nafasi", hahitaji kujua siri za nyumba ya waziri. Anahitaji waziri ambaye anajua mzigo ule una uzito gani.

Na sisi tuna sehemu yetu. Muuguzi asimulie kazi yake, asimulie mgonjwa asiyekuwa na jina, basi. Mwandishi kabla ya kuandika ajiulize kama habari ile inahusu kazi ya mkubwa au mwili wa mtoto. Na mnunuzi wa gazeti ajue kwamba shilingi yake ni kura: akinunua leo habari ya mtoto mgonjwa, wiki ijayo ataletewa nyingine. Waliosema hujafa hujaumbika walikuwa wakituonya sisi tunaotembea vizuri leo.

Mara nyingine ukiisikia ile hadithi ya kafara ndani ya daladala, usibishane sana. Muulize tu msimulizi: "Mtoto mwenyewe anasoma wapi?" Asipojua, basi ujue hakuwa akimzungumzia mtoto.

Tukutane wiki ijayo.