Kufuga Bahari Sebuleni: Mbona Wengi Hukata Tamaa?

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwangu kijana mmoja, mwalimu wa shule ya upili, kununua tangi la kioo ambalo nilikuwa nimewaarifu marafiki kwamba naliuza. Ni tangi la lita 200, lenye meza yake ya chuma, pampu mbili, taa na chombo cha kupashia maji moto. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akaridhika. Kisha akaniuliza swali ambalo kila mnunuzi mwerevu hana budi kumwuliza muuzaji: "Sasa Mwalimu, kama ni zuri hivi, mbona unaliuza?"

Nilimjibu kwa mkato kwamba sina nafasi. Jibu hilo halikuwa uongo, lakini halikuwa kweli yote, na tangu siku hiyo limekuwa likinikera moyoni. Makala haya, msomaji mpendwa, ndiyo jibu ambalo ningalipaswa kumpa kijana yule kabla hajanihesabia fedha zake.

Nianze na neno, maana maneno ndiyo kazi inayonilisha. Twasema "kufuga". Twafuga kuku, mbuzi na nyuki. Na siku hizi serikali na mashirika huwahimiza wakulima wafuge ngege na kambare katika vidimbwi. Katika yote hayo mna mapatano ya namna fulani baina ya binadamu na kiumbe: mmoja hutoa chakula na ulinzi, mwingine hutoa mayai, maziwa, asali au mnofu, na kiumbe chenyewe kinaweza kuyastahimili mazingira ya ua wa mwanadamu. Sasa chukua samaki wa miamba ya baharini, umtie katika sebule ya nyumba Nairobi. Je, huyo anafugwa? Nimelitafakari neno hilo kwa miaka minne, nikaona kwamba tunalitumia isivyofaa. Samaki mwenyewe hafugwi. Kinachofugwa ni maji. Nami naamini kwamba karibu kila mtu aonaye tangi la baharini, akalitamani, akalinunua na hatimaye akalitupa, alikosea hapo: alidhani ananunua samaki, kumbe amekabidhiwa bahari aiendeshe mwenyewe.

Mimi ni mtu wa bara, lakini mke wangu ni wa Kilifi, na mjomba wake alikuwa mzamiaji. Kwa miaka mingi mzee huyo alipata riziki yake kwa kukamata, kwa wavu mdogo wa mkono, samaki wa urembo ambao matajiri wa Ulaya na Marekani huwaweka majumbani. Biashara hiyo ipo Pwani yetu tangu zamani, na yaendeshwa kwa leseni. Mnamo 2019 binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 9, alikuwa ametazama mara zisizohesabika ile filamu ya Finding Nemo iliyotoka mwaka 2003, na akashikilia kwamba nasi tuwe na samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Baba gani atakataa? Nilinunua tangi siku ya Alhamisi. Jumamosi lilikuwa na maji, chumvi na samaki wanne: wawili wa filamu, kangaja mmoja na kitatange mmoja.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ndilo linalowaua samaki wengi zaidi ya lolote jingine. Samaki akila hutoa uchafu, na uchafu huo pamoja na mabaki ya chakula hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu kali. Baharini viko vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha vijidudu vingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Katika tangi jipya vijidudu hivyo havimo. Lazima vizaliane juu ya mawe na mchanga, na kazi hiyo huchukua majuma manne hadi sita. Muda wote huo mwenye tangi hutakiwa kutazama maji matupu. Ni nani aliyenunua kitu kwa fedha nyingi akakubali kukitazama kitupu kwa mwezi na nusu? Basi samaki huingizwa siku ya pili, hufa juma la pili, wengine hununuliwa, nao hufa. Na mara ya tatu mwenye tangi huamua kwamba hana bahati.

Wetu walinusurika kwa sababu nilibadilisha maji kila siku kama mtu aliyerogwa. Aliyekufa ni kitatange, naye alikufa kwa njaa mbele ya chakula. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba aina nyingi za kitatange hula wanyama wadogo walio hai wanaojenga matumbawe, wala hawatambui kitu kingine kuwa ni chakula. Nilikuwa nikimtupia vipande vya kamba naye akivitazama vikizama.

Mjomba alipokuja kututembelea mwaka uliofuata, aliketi mbele ya tangi kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, bamvua la humu huja lini?" Nilicheka, lakini swali lenyewe halikuwa mzaha. Watu wa Pwani huyaita maji ya kipindi ambapo bahari haijai sana wala haikupwi sana "maji mafu". Hayo si maji yaliyokufa. Ni maji yaliyopumzika, na baada ya siku chache bamvua huja kuyasukuma. Tangi ni maji mafu ya daima. Bamvua lake lilikuwa mimi, kila Jumamosi asubuhi, nikiwa na mpira na ndoo, nikitoa lita 20 na kutia lita 20.

Na hizo lita 20 ni lazima zitengenezwe. Maji ya mfereji yana klorini, hivyo yasafishwe kwanza. Kisha yatiwe chumvi kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, wala si chumvi ya jikoni. Chumvi tunayotilia mchuzi ni kama sehemu 85 tu kwa mia ya chumvi iliyomo baharini. Zilizobaki ni magnesi, salfati, kalsi, potasi na vinginevyo, na viumbe wa baharini hawawezi kuishi bila hivyo. Kwa hiyo hununuliwa chumvi maalumu iliyotoka ng'ambo. Gharama yake siitaji, kwa heshima ya mke wangu ambaye husoma safu hii.

Fauka ya hayo, maji hupungua tangini kwa kugeuka mvuke, ilhali chumvi haiondoki. Ukijaza pengo kwa maji ya chumvi, kama nilivyofanya miezi ya mwanzo kwa ujinga wangu, unaongeza ukali siku baada ya siku. Kisha huja maradhi ya vidoa vyeupe, kana kwamba samaki amenyunyiziwa punje za chumvi. Kidudu chake humwacha samaki, huanguka chini, huzaliana na kurudi kwa wingi. Dawa yake ya shaba huua konokono na kaa, hivyo mgonjwa hana budi kutengwa. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba tangi moja ni matangi mawili. Sikuthubutu hata siku moja kuweka matumbawe, ambayo huhitaji mwanga mkali na kipimo cha kalsi kisichoyumba. Kumbuka kwamba mwaka 1998 joto la maji lilipopanda kwa kadiri ndogo tu, matumbawe mengi ya Pwani yetu yaligeuka meupe na kufa. Ikiwa bahari yenyewe haikuweza kuhimili, sembuse lita 200 kando ya televisheni.

Lakini hayo yote niliyavumilia. Krismasi mbili hatukwenda kwa wazazi wangu, maana hapakuwa na jirani niliyeweza kumkabidhi kazi yenye masharti kama hayo. Mama alinuna, nikavumilia. Kilichonivunja ni usiku mmoja.

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Wasomaji wengi watakumbuka giza lile. Pampu zilinyamaza. Ni vyema kueleza kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi, maji hushika oksijeni pungufu, takriban sehemu moja kwa sita, kuliko maji kama hayo yakiwa Mombasa. Maji ya chumvi nayo hushika kidogo kuliko yasiyo na chumvi. Maji yasipotikiswa, samaki hukosa pumzi. Basi nilichukua jagi, nikawa nayachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa. Nikichoka, mke wangu akanipokea. Tuliendelea hivyo, kwa mwanga wa mshumaa, hadi kama saa kumi za alfajiri, usingizi ukatushinda. Tulipoamka, kangaja alikuwa chini ubavuni, na mmoja wa wale wa filamu alikuwa akielea. Binti yangu, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka 13, alimtazama kidogo, akasema "Pole, Baba," akaenda zake. Sijui kama msomaji ataelewa kwamba pole ile iliniuma kuliko kama angalilia. Nilikuwa nimelitunza tangi la mtoto ambaye hakuwapo tena.

Miezi michache baadaye, nikitafuta asili ya neno "akwariamu" kwa ajili ya mhadhara, nilikutana na jagi langu. Neno hilo lilienezwa na Mwingereza Philip Henry Gosse katika kitabu alichokichapisha mwaka 1854. Alilichukua kutoka Kilatini, ambako lilikuwa na maana ya mahali pa kunyweshea ng'ombe. Lakini kabla yake alikuwako bibi mmoja, Anna Thynne, ambaye mwaka 1846 alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay akayapeleka nyumbani kwake London. Hapakuwa na pampu. Maji yake yalitiwa uhai na mtumishi wa nyumbani, aliyeyamwaga kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikautazama mkono wangu.

Waingereza walipatwa na homa ya matangi katika miaka ya 1850. Kodi ya vioo ilikuwa imeondolewa mwaka 1845, treni zilifika pwani, na vitabu vya Gosse vilikuwa vitamu. Kila mwenye uwezo alitaka kuwa na bahari sebuleni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1860 homa ilikuwa imeshuka na matangi mengi yametelekezwa. Maji yalinuka, viumbe walikufa, watu wakahamia mapenzi mengine. Mtoto wa Gosse, Edmund, katika kitabu chake cha mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi vya miambani vya Devon, alivyovijua utotoni vikiwa vimejaa uzuri, viliharibiwa na wakusanyaji waliofuata nyayo za baba yake. Kwa hiyo jambo hili si la Wakenya wasio na subira, wala si la umeme wetu tu. Watu waliacha kabla ya umeme kuwapo.

Nililobaki nalo lilikuwa samaki mmoja. Mke wangu alipendekeza tumrudishe Kilifi, tumtie majini aende zake. Lilikuwa wazo la huruma, na mjomba ndiye aliyelikataa. "Huyu amelala chumba kimoja na wagonjwa," alisema kwa simu. "Usiniletee." Alikuwa na haki. Samaki aliyekaa tangini aweza kubeba maradhi aliyoambukizwa na wageni wa mbali. Na wapo waliochoka wakamwaga kila kitu baharini, nayo dunia ikagharimika. Mwaka 1984 mwani wa kigeni uliokuwa ukipandwa katika matangi ulionekana baharini chini ya jumba la makumbusho la Monaco, ukaenea sehemu kubwa za Bahari ya Kati. Mwaka 1985 alionekana huko Florida samaki wa bahari zetu za Mashariki mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu. Wataalamu wengi huamini kwamba waliachiliwa na wenye matangi. Leo wako kote katika Karibi, wakila vifaranga vya samaki wa huko wasiojua kumkimbia. Aina moja kati ya mbili zilizofika huko ni ya Bahari Hindi, hii hii yetu.

Wetu alipokelewa na hoteli moja ya Pwani yenye tangi kubwa na jenereta. Nasikia kwamba amepata mwenzi, na kwa kuwa samaki hao wote huzaliwa madume, na yule mkubwa ndiye hugeuka jike, yamkini sasa ni mama.

Kijana mwalimu alinipigia simu Jumapili iliyopita. Alikuwa amelijaza tangi siku ya Ijumaa. Aliniuliza kama samaki wanne wanatosha kwa kuanzia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwanunua, na mmoja alikuwa akihema kwa nguvu karibu na uso wa maji. Nilimwambia asiwape chakula, na asizime pampu kwa vyovyote vile. Kisha nikatia mitungi miwili ya maji ya chumvi garini, nikashika njia ya Ruiru.