Mashine ya kusafisha hewa nyumbani: utajuaje kama inafanya kazi?

Kwa anayeishi Tunduma kando ya barabara kuu, moshi wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na vumbi la kiangazi si jambo geni. Ukisikia kuna mashine ya umeme inayosafisha hewa ya ndani, unaweza kutamani kuinunua. Kabla hujatoa fedha, tunakueleza namna ya kuijaribu.

Kwa kawaida mashine hii ni feni na chujio. Feni huvuta hewa ya chumbani, chujio hunasa chembechembe. Zinazodhuru zaidi ni zile ndogo mno zinazoitwa PM2.5, nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi, ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu. Huwezi kuziona moja moja, kwa hiyo usitegemee macho wala pua. Hata taa ya kijani kwenye mashine si ushahidi wa kutosha.

Kinachohitajika ni kipimo cha PM2.5 kisicho sehemu ya mashine. Kama huna, mwombe muuzaji apime mbele yako, hivi:

1. Funga milango na madirisha. Washa kijiti kimoja cha udi kwa dakika chache, kizime, kisha watu watoke.
2. Mashine ikiwa imezimwa, andika namba ya kipimo kila baada ya dakika 5, kwa nusu saa.
3. Fungua madirisha hadi namba irudi ilikokuwa mwanzo. Rudia yote, safari hii mashine ikiwa imewashwa.

Usiruke hatua ya pili. Moshi hupungua wenyewe, kwa kutua chini na kupenya kwenye nyufa. Ukipima mara moja tu, utaipa mashine sifa isiyo yake. Mashine nzuri hushusha namba haraka zaidi, kwa tofauti iliyo wazi. Ijaribu katika chumba utakachoitumia, kwa sababu mashine ndogo huzidiwa na chumba kikubwa.

Lakini kuna hatari ambayo chujio hili haliiondoi. Usiku wa baridi huko Mbozi na Ileje, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kuota moto. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hupita kwenye chujio kana kwamba halipo. Kipimo cha PM2.5 nacho hakiioni. Namba inaweza kushuka vizuri huku waliolala wakiendelea kuvuta sumu.

Kwa hiyo jiko la mkaa lisilale ndani, mashine iwepo isiwepo. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu karibu na mkaa unaowaka, mtoeni nje haraka, kisha mumpeleke kituo cha afya.

Na kama moshi unatoka jikoni kwako, anza na yasiyohitaji umeme: pikia mahali penye hewa, tumia kuni kavu, fungua dirisha.