Santuri na Taswira Yake: Namna ya Kutumia Programu Bila Kuchukua Santuri za Asili

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi programu na kamusi zilizotolewa katika santuri za kompyuta ziwezavyo kutumiwa bila mwenyewe kubeba mkoba wa santuri. Jambo hili si la mafundi peke yao. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 hata miaka ya 2000 kamusi na ensaiklopidia nyingi zilitolewa kwa namna hii, na leo kompyuta nyingi hazina tena mlango wa kutilia santuri. Mwenye kamusi asiyoweza kuifungua ni sawa na asiye nayo.

Neno santuri, lililozoeleka kwa sahani ya gramafoni, lapokea maana hii mpya bila taabu, kwani zote mbili ni sahani zizungukazo ili zisomwe. Ila sindano ya gramafoni huanza ukingoni ikaenda kati, na mwanga wa kompyuta huanza kati ukaenda ukingoni.

Santuri ya kompyuta ina upana wa sentimita 12, na huchukua kiasi cha megabaiti 650. Maandishi yake hukatwa vipande vyenye baiti 2,048 kila kimoja, navyo huhesabiwa kwa taratibu kuanzia sifuri. Kanuni iitwayo ISO 9660, iliyotolewa mwaka 1988, yaagiza kwamba vipande 16 vya kwanza viachwe kwa matumizi ya mtambo, na kinachofuata kiwe na alama CD001, jina la santuri, na mahali lilipo daftari kuu la majalada. Kila kitu hutafutwa kwa nambari ya kipande. Basi tukinakili vipande vyote kwa mfuatano wake katika jalada moja, kompyuta italisoma jalada hilo kama isomavyo santuri. Jalada hilo ndilo tuliitalo taswira.

Yafaa tutofautishe taswira na nakala ya kawaida. Mtu akinakili majalada peke yake, jina la santuri na mpangilio wa vipande hupotea. Na programu nyingi huuliza jina hilo kabla ya kukubali kufanya kazi. Hapo ndipo wengi hukwama, wakadhani santuri yao imeharibika.

Taswira ikiisha kupatikana, hupachikwa katika kiendeshi cha kubuni, yaani kiendeshi ambacho hakipo kwa chuma bali kwa programu. Windows imeweza kufanya hivyo yenyewe tangu toleo la 8 la mwaka 2012. Linux nayo ina amri yake. Programu za zamani hukumbuka herufi ya kiendeshi zilikotoka, kwa hiyo hapana budi kiendeshi cha kubuni kipewe herufi ile ile. Kazi ikiwa na santuri kadhaa, na programu ikadai ya pili mahali pa ya kwanza, yatosha kuiondoa taswira ya kwanza na kupachika ya pili kwa herufi hiyo hiyo. Taswira kumi hazizidi sana gigabaiti 6 na nusu.

Lakini si kila santuri itiiyo. Baadhi huchanganya maandishi na sauti zilizorekodiwa kama za muziki, na taswira ya ISO haichukui sauti hizo. Lazima vipande vinakiliwe vizima, baiti 2,352 kila kimoja, pamoja na jalada dogo la kuonyesha mipaka. Nyingine zimewekewa kinga. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo chapa yake ya pili ya mwaka 1989 ina majuzuu 20, ilitolewa katika santuri mwaka 1992 bila kinga ya kunakiliwa. Matoleo ya 1999 na 2002 yalitiwa kinga, nayo iliwasumbua walioinunua kwa haki. Kwa maoni yangu hasara ya kinga za namna hii humwangukia mnunuzi mwaminifu. Kinga iitwayo SafeDisc haifanyi kazi kabisa katika Windows 10 ya mwaka 2015, hata kwa mwenye santuri ya asili mkononi.

Sheria nayo yatofautiana. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2009 lampa mtumiaji halali wa programu ruhusa ya kufanya nakala ya akiba inayohitajika kwa matumizi yake; Uingereza iliruhusu nakala za binafsi mwaka 2014, na Mahakama Kuu ikaitangua ruhusa hiyo mwaka 2015.

Tena, taswira huhifadhi santuri, haihifadhi kompyuta iliyoiendesha. Programu zilizoandikwa kwa Windows ya biti 16 hazikubaliwi na Windows ya biti 64. Kwa hizo yapasa kutengeneza kompyuta ya kubuni yenye mfumo wa zamani ndani yake, ndipo taswira ipachikwe humo. Maktaba ianze na santuri ambazo haina nakala ya pili, na kila taswira iandikiwe jina, toleo, mwaka, na nambari ya kibali iliyochapwa kwenye kasha, maana nambari hiyo haimo ndani ya santuri.